Nani Amesimama Mdomoni mwa Shimo?

Ndugu msomaji, kabla sijafika kwenye swali lenyewe, nikuonyeshe daftari. Ni la kurasa 96, jalada limepauka kwa vumbi. Upande wa nyuma nilikuwa nikiandika riwaya, nimeshaichana kwa aibu. Mhusika mkuu alikuwa analia kila sura. Upande wa mbele ni hesabu za mifuko ya mawe, na hizo sijathubutu kuzigusa.

Nilimaliza Kidato cha Nne Shinyanga. Matokeo hayakunibeba, nikafuata njia wanayoifuata vijana wengi wa kwetu: Geita, machimboni. Viganja vyangu vilikuwa laini, wenzangu wakacheka, wakanipa ukarani. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani kaingia shimoni, nani katoka, mifuko mingapi imepanda. Mgao wa dhahabu kwa wachimbaji wadogo hutofautiana shimo na shimo, lakini sura yake ni ile ile: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara aliyetoa chakula, magogo ya matimba na mafuta ya jenereta ana lake, kinachobaki ndicho cha wenye nyundo na tindo.

Na katika hicho kinachobaki, kwetu msimamizi alichukua fungu la watu wawili.

Hilo ndilo lililouma. Alikuwa mzee mwenye kikohozi, aliyechimba tangu ujana wake. Kutwa yuko chini ya turubai, kahawa mkononi. Asubuhi anashuka kidogo na tochi, anagongagonga mwamba, anapanda, anakaa. Basi. Wengine wanatoka shimoni wamekuwa weupe kwa vumbi kama waliomwagiwa unga, yeye kanzu yake safi. Hivi kweli, bwana, mtu asiyeshika nyundo anakula jasho la nani?

Wakati huo akaja likizo kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeandika programu za kompyuta Dar es Salaam. Jioni moja nikamsimulia habari za mzee wetu. Akacheka. Akasema kwao mambo hayo yalishapitwa na wakati. Akanieleza kuwa mwezi Februari 2001, watu 17 wa fani hiyo walikutana Snowbird, katika milima ya Utah kule Marekani, wakaandika tamko fupi la namna mpya ya kufanya kazi, wakaiita ajaili, maana yake wepesi. Kazi ikatwe vipande vidogo, mteja aonyeshwe mapema, mpango ubadilike mambo yakibadilika, na kikundi kijipange chenyewe. Wao ofisini wanafuata tawi lake moja liitwalo Skramu, ambalo Ken Schwaber na Jeff Sutherland walilitangaza mwaka 1995, hata kabla ya tamko lenyewe. Kila siku dakika 15 tu za kuambizana: tumefika wapi, nini kimetukwamisha. "Meneja wa mradi?" nikamwuliza. "Hayumo kabisa kwenye mwongozo wa Skramu," akajibu. "Tunajisimamia."

Msomaji mwenzangu, unajua jinsi neno zuri linavyomlewesha kijana anayetaka kuwa mwandishi. Nililibeba neno hilo hadi shimoni kama mtu aliyetumwa. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu, kwa maneno matamu, kwamba hata huko kwenye kompyuta watu wameachana na wasimamizi. Na si jambo geni kwetu, nikaongeza. Sungusungu za miaka ya 1980 zilianza vijijini mwetu Usukumani na Unyamwezini, wanakijiji wenyewe wakijilinda na wezi wa ng'ombe. Na ngitili je? Serikali ilipoanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, nchi yetu ilikuwa imekaribia kuwa jangwa. Kilichoirudishia miti zaidi ni ule utaratibu wa mababu wa familia na vijiji kutenga malisho yapumzike, hata mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Nani alikuwa msimamizi wa kila ngitili? Wenyewe!

Wakapiga makofi. Mzee akaambiwa apumzike. Hakubishana. Alikunja turubai lake, akasema, "Haya, wanangu, wabeja," akaondoka.

Sitadanganya, wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Alfajiri tunasimama duara mdomoni mwa shimo, kila mtu anasema jana alifanya nini, leo anashuka upande gani. Ugomvi ulipungua, mifuko ikaongezeka. Yule kijana mdogo kuliko wote, ambaye zamani hakuthubutu kufungua kinywa, siku moja akasema mkanda wa mawe umepindia kushoto, wakamfuata, kweli ukawa umepindia kushoto. Jambo hilo silidharau hata leo. Mzee asingemsikiliza.

Ikafika wiki ya sita. Fungua daftari langu, katikati ya hesabu, utaona mstari huu kwa kalamu ya bluu: "Matimba upande wa kusini yanalia." Nilisikia wawili wakitaja hivyo wakitoka shimoni. Magogo yakilemewa hulia, kila mchimbaji anajua. Nikaandika. Kesho yake duarani hakuna aliyelisema. Waliosikia walidhani limeshasemwa. Walioshuka upande mwingine waliona si kazi yao. Mimi karani nilijiambia, nani ananisikiliza mimi, sijawahi hata kuvunja jiwe. Tukaambizana habari za mifuko, tukaachana.

Mchana mwamba ukashuka. Hakufa mtu. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu mara mbili, na hadi sasa anatembea akiuburuta kama mzigo wa mtu mwingine.

Usiku ule tulikaa kugawana lawama kama tunavyogawana mifuko. Ajabu yake, mifuko kila mtu huona amepunjwa, lawama kila mtu aliona amezidishiwa. "Si tulikubaliana wote?" "Basi ni letu sote." Ukisikia kosa ni letu sote, msomaji, hesabu vizuri: mara nyingi jumla yake ni sifuri. Mwenye mguu alibaki na mguu wake.

Hapo ndipo lilipo swali langu, na silioni kuwa la machimboni peke yake. Msimamizi ni nini? Nilidhani ni mtu wa kuamrisha. Kama ni hivyo tu, kaka yangu yuko sahihi, aondoke hata leo. Waliomo shimoni wanaujua mwamba kuliko aliye juu. Lakini ndani ya kazi ile kumbe kulikuwa na kazi nyingine isiyoonekana, ya kujibu. Yule mzee akigonga mwamba asubuhi na tochi yake alikuwa ananunua kosa la siku nzima kabla halijatokea. Kama ungeshuka, ungekuwa wake. Fungu la pili huenda lilikuwa bei ya hilo, wala sijui kama ilikuwa bei ya haki.

Nikamrudia kaka yangu kwa simu, kwa hasira kidogo. Akaniambia nilimsikia nusu. Katika Skramu yenyewe kazi za meneja hazikufutwa, ziligawanywa: yuko mtu mmoja, si kamati, anayeamua kipi kitangulie; yuko mwingine wa kuondoa vikwazo na kuhakikisha mazungumzo yanafanyika kweli; na waandishi wa programu wanapanga wenyewe namna ya kuifanya kazi. Kila jukumu lina mwenyewe. Sisi tulifuta jina, na majukumu tukayaacha chini yasiokotwe. Nikakumbuka kwamba hata ngitili zina dagashida, mkutano wa jadi unaotoza faini anayeingiza mifugo isipotakiwa. Hilo sikuwaambia wenzangu siku ile. Halikupendezesha hotuba.

"Lakini," kaka akasema, "kwetu kosa halimwangukii mtu kichwani, tunalisahihisha Ijumaa." Hapo sikukubali. Kule Uingereza wakuu wa vituo vya posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, na mengi ya mashtaka hayo yalitegemea hesabu za programu ya Horizon iliyokuwa na kasoro. Wengine walifungwa. Programu nayo huporomoka juu ya watu, ila huwa hawako chumba kimoja na walioiandika. Labda ndiyo maana huko ni rahisi zaidi kusema ni letu sote.

Nawaza pia Nyangalata, Kahama, mwaka 2015. Shimo liliporomoka Oktoba, na wanaume watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Wa sita alifia humo. Siku 41! Kila nikifikiria, sifikirii ushujaa wao tu. Nafikiria kwamba aliye chini hawezi wakati huo huo kuwa juu, hata awe hodari namna gani. Lazima awepo mtu juu mwenye majina yao.

Tulimfuata mzee nyumbani kwake. Nilitarajia atutambie. Alikohoa, akaomba kuona daftari. Akafungua kurasa polepole, akifuata mistari kwa kidole, akapita mifuko, akapita majina, akafika kwenye wino wa bluu. Akausoma mara mbili.

"Mwandiko wa nani huu?" akauliza.

Wenzangu wote wakanigeukia. Nikasema, "Wangu, mzee."