Damu Safi Huanzia Wapi?

Mjomba wangu wa Ol Kalou alinipigia simu Jumapili. "Wewe si ndiye mwandishi wa hii familia? Niandikie karatasi ya ng'ombe."

Mnunuzi alikuwa amekuja, akamkagua Friesian wake kutoka pembe hadi kiwele, akasifu, kisha akauliza: amesajiliwa? Hapana. Bei ikashuka palepale. Maziwa hayakupungua hata lita moja.

Nilikasirika kwa niaba yake. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo najua kuulizwa karatasi kabla ya kuulizwa unaweza kufanya nini. Tena karo yangu ya kwanza ilitoka kwa mtamba aliyeuzwa, dada ya huyo ng'ombe.

Nikapiga hesabu. Ng'ombe wa kienyeji akipandwa na Friesian safi, ndama ni nusu. Ndama huyo naye akipandwa na Friesian, anayezaliwa ni asilimia 75. Kisha 87.5. Kisha 93.75. Endelea hadi Yesu arudi, hutafika 100. Lazima watu wakae mahali, wachore mstari, waseme: kuanzia hapa, safi.

Na Boran je? Waborana walimlea na kumchagua vizazi na vizazi, kwenye ukame wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Chama cha kusimamia ukoo wake kilianzishwa Kenya mwaka wa 1951, enzi za ranchi za masetla. Kabla ya hapo alikuwa ng'ombe wa nani, hana ukoo?

Basi usafi ni makubaliano tu. Kama ni hivyo, nikiandika karatasi feki nimemkosea nani?

Hapo nikakwama. Pesa pia ni makubaliano, na noti feki bado ni wizi. Daftari la ukoo, likitunzwa vizuri, linamwambia mnunuzi mama ni nani, baba ni nani, nyanya yake alikamuliwa lita ngapi. Kuna mtu aliyeamka kila siku akapima, akaandika. Mjomba hakuandika. Mimi sikumaliza. Kudharauliwa kwetu ni kosa, lakini hakugeuzi uongo wetu kuwa kweli.

Nikamwambia siwezi. Akanyamaza, halafu akasema, "Sawa, msomi." Hilo neno liliniuma kuliko tusi.

Jumamosi nilipanda matatu na daftari la kurasa 96. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa, kwa bei ile ya chini. Amebaki ndama wake. Mjomba hakunisalimia vizuri, ila aliingia ndani akatoka na risiti iliyokunjamana ya mtu aliyemletea mbegu. Namba ya fahali bado inasomeka.

Tukaandika: tarehe ya kuzaliwa, mama, baba. Mistari mitatu. Hapo kwa nyanya tukaacha nafasi wazi, kwa sababu hakuna anayejua.