Mteremko wa Nyamirambo na Gari la Hajji

Kigali ni mji wa vilima, na vilima vina hisani moja mbaya kwa mwenye gari bovu: vinamsaidia. Gari lisilowaka kwenye tambarare ya Dar es Salaam au Mombasa hudai watu wa kulisukuma, watu nao hudai soda, na baada ya soda za siku mbili tatu mwenyewe huona heri aende kwa fundi. Katika mtaa wa Nyamirambo humwiti mtu. Unaachia breki ya mkono, mteremko unafanya kazi yote, na unafika dukani bila kujua kwamba gari lako ni gonjwa.

Hajji wa kisa hiki simtaji jina. Ukikaa mtaa wa Biryogo unamjua, au unamjua anayefanana naye: muuza vitenge, mtu wa swala tano, mkarimu, mwenye haraka, na mwenye kuamini kwamba kila tatizo duniani lina duka linalouza dawa yake. Alikuwa na Toyota Corolla ya zamani, ya gia za mkono, usukani kushoto kama yalivyo magari ya Rwanda. Asubuhi moja aligeuza ufunguo, stata ikazunguka kwa uzito, ikakwama. Mlango ulikuwa wazi na taa ya ndani iling'aa vilevile, haikufifia hata kidogo. Ushahidi ulikuwa umewekwa mbele yake, lakini alikuwa anachelewa kufungua duka. Akaweka gia ya pili, akakanyaga klachi, akaachia breki. Gari likashuka, akaachia klachi, injini ikashika.

Tangu siku hiyo Hajji akawa anaegesha gari uso ukitazama bondeni, na jiwe chini ya tairi. Alisifu hata akili yake. Na kweli ujanja huo una mantiki: stata ndiyo mlaji mkubwa wa umeme kuliko vyote garini, hula ampea mia na zaidi kwa sekunde chache, ilhali plagi zinahitaji umeme kidogo tu. Magurudumu yakiizungusha injini badala ya stata, umeme uliobaki unatosha. Ila ujanja huo hautibu kitu. Kwa miezi kadhaa mteremko ulifanya kazi ya stata, na ubovu ukaendelea kukomaa chini ya boneti bila mtu kuuona.

Nyabugogo ndiko kulikomfichua. Pale bondeni, kwenye stendi kuu ya mabasi, ardhi ni tambarare na hakuna nafasi ya kujaribu lolote. Hajji alipeleka robota la vitenge la kupakiwa basi la Rusizi, akazima injini kwa mazoea, na aliporudi gari likagoma. Nyuma yake dereva wa basi akapiga honi, mbele yake vijana wa pikipiki za abiria wakaanza kutoa ushauri, kila mmoja wa kwake. Kijana wa gereji moja akaja na nyaya za kubusti, akaunga, gari likawaka kwa taabu. "Betri imekufa, Hajji," akasema. Hakuna aliyekuwa amepima kitu.

Hajji akanunua betri mpya siku ileile. Gari likawaka kwa kishindo, akamsifia kijana msikitini. Wiki ya tatu likarudia uzito wake. Akaambiwa basi ni stata, yaani demarere kama wanavyoiita mafundi wa Kigali waliojifunza kwa Kifaransa. Stata ikabadilishwa kwa nyingine ya mtumba, na kwa siku chache kukawa na nafuu. Baadaye betri mpya ikakutwa haina chaji, na hapo mwenye duka la spea akatoa hukumu kwa sauti ya mtu aliyesoma: altaneta haichaji. Altaneta nayo ikanunuliwa. Ilipoonekana kwamba shida haikuondoka, Hajji alitaka kuirudisha akaoneshwa karatasi ukutani: vifaa vya umeme vikishafungwa havirudi. Sharti hilo lipo katika maduka mengi ya spea, na wenye maduka siwalaumu. Wanajua fika kwamba wateja wao wengi hununua kwa kubahatisha.

Akarudi kwenye mteremko wake. Ikawa msimu wa mvua, njia ya mawe ina utelezi. Hajji akaachia breki kama kawaida, akaachia klachi, na safari hiyo injini haikushika. Watu wengi hawajui kwamba kanyagio la breki katika magari haya ni jepesi kwa sababu injini inasaidia. Injini ikiwa imezimika, msaada uliosalia ni wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha kanyagio linakuwa gumu kama limeegemea ukuta. Usukani wa pawa nao unakuwa mzito. Na anayehangaika na ufunguo akaurudisha hadi mwisho anaweza kuufunga usukani kabisa huku gari linakwenda. Hajji alishukuru Mungu kwa kutoufikisha ufunguo huko. Alivuta breki ya mkono, gari likaserereka, gurudumu la mbele likatumbukia kwenye mtaro wa maji ya mvua. Hakuumia mtu. Dakika moja kabla, watoto wa shule walikuwa wamepita palepale.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi Gatsata, upande wa pili wa Nyabugogo, kwenye magaraji na maduka ya spea. Safari hii halikupelekwa kwa fundi wa mitambo bali kwa fundi waya, mtu mzima mpole aliyekuwa akinywa chai. Hajji alianza kumweleza alichonunua. Fundi akamkatiza kwa adabu.

"Hajji, ukigeuza ufunguo linasemaje?"

"Haliwaki."

"Kutowaka nimekusikia. Nauliza linatoa sauti gani."

Hajji akafikiri. "Linavuta kidogo, kwa uzito. Halafu linasema tok, basi."

"Na taa, wakati linavuta hivyo?"

"Taa nzima."

"Hazififii?"

"Hazififii."

Fundi akaweka kikombe chini. Alichotoa ni testa ya volti, ile ndogo ya kushika mkononi. Akapima betri injini ikiwa imelala: 12.6, yaani imejaa. Akamwambia Hajji ageuze ufunguo huku yeye anasoma. Betri dhaifu, stata ikivuta, ingeporomoka chini ya volti 9.6, hii ilibaki juu ya 11. Kwa hiyo betri ilikuwa na nguvu, tena ilikuwa nayo nyingi, ila stata haikuipata. Akahamisha waya mmoja wa testa: ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini. "Geuza tena, Hajji." Testa ikasoma volti 4. Mahali hapo pangefaa pasome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, kuna kitu njiani kinaula umeme.

Hakusema kitu. Aliushika waya wa chuma wa kanyagio la mafuta, ule unaotoka kwenye kanyagio kwenda kwenye injini, akamwita Hajji naye aushike. Ulikuwa wa moto.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Umeme wa betri hauishii kwenye stata. Sharti urudi betrini. Upande hasi wa betri umefungwa kwenye bodi, lakini injini imekaa juu ya mipira inayoitenga na bodi, kwa hiyo kati ya injini na bodi hufungwa waya mnene wa kusuka, wa ethi. Waya wa Corolla ile ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umebaki nyuzi chache. Taa zilikuwa nzima kwa sababu zina ethi yake kwenye bodi. Stata, iliyofungwa kwenye injini, haikuwa na njia ya kurudishia umeme wake mwingi, na umeme ukatafuta uchochoro popote, hata kwenye waya wa kanyagio la mafuta. Altaneta nayo imefungwa kwenye injini ileile, ndiyo maana kuna wakati betri haikupata chaji sawasawa. Betri mpya ilileta nafuu kwa kuwa ilikuwa na msukumo wa kulazimisha njia mbovu, hadi ikachoka. Washauri wote watatu walikuwa wameona dalili ya kweli. Hakuna aliyefuata dalili hadi mwisho wake.

Fundi akachukua nyaya za kubusti, akaunga moja tu, kutoka kichwa hasi cha betri moja kwa moja hadi chuma cha injini. "Washa." Gari likawaka kabla Hajji hajamaliza bismillahi. Waya mpya wa ethi ulifungwa, pande zote mbili zikasuguliwa kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Bei yake haikufika bei ya lita chache za petroli. Betri, stata na altaneta vya zamani, vyote vizima, Hajji alikuwa ameshaviacha gereji kama vyuma chakavu.

Mimi katika kisa hiki namlaumu zaidi mwenye gari kuliko mafundi. Fundi wa haraka hubuni kwa sababu mteja anamwambia "haliwaki" na kuketi. Gari lisilowaka linasema zaidi ya hapo kwa anayelisikiliza. Likiwa kimya kabisa, tazama vichwa vya betri kwanza: vimelegea, au vimevaa ule unga mweupe na kijani? Kama ni gia za otomatiki, jaribu kuwasha kwenye N badala ya P, kwa sababu swichi ya gia inaweza kuwa ndiyo iliyokata umeme. Likitoa tiki-tiki-tiki za haraka, taa zikififia, hapo kweli shuku betri au viungo vyake. Tok moja nzito huku taa zikibaki nzima inakupeleka kwenye stata au nyaya zake, kama ilivyokuwa kwa Hajji.

Lakini stata ikizunguka kwa nguvu yake yote na injini isiwake, iache betri kabisa; usiimalize kwa kung'ang'ania. Washa ufunguo hadi hatua ya ON bila kupiga stata na usikilize nyuma: magari mengi ya sindano za mafuta hutoa mvumo wa pampu ya mafuta kwa sekunde mbili hivi. Ukimya hapo unakuelekeza kwenye fyuzi na relei ya pampu kabla ya kufikiria pampu yenyewe. Kitaa cha funguo kikimetameta kwenye dashibodi, huenda gari halijautambua ufunguo, na spea zote za Gatsata hazitasaidia. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo; ipumzishe ipoe.

Vilima vya Kigali vina mtego mwingine ambao mtu wa pwani hakutani nao mara nyingi. Mafuta yakiwa machache na gari likalala kwenye mteremko mkali, yanakimbilia pembe moja ya tangi na mdomo wa pampu unabaki hewani. Geji inasema kuna mafuta, na injini haipati hata tone. Wako waliobadilisha pampu kwa sababu hiyo, wakati dawa ilikuwa lita tano za kidumu.

Na kubusti kwenyewe kuna utaratibu ambao vijana wa stendi huuruka. Chanya kwa chanya. Hasi ya gari zima isiende kwenye hasi ya betri iliyokufa, bali kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, na kiungo hicho kiwe cha mwisho. Betri ya tindikali hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya kiungo cha mwisho ikitokea juu yake inaweza kuipasua. Sigara iwe mbali. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, hata mtaa mzima ujitokeze. Na wenye magari ya umeme, ambao Kigali wanazidi kuongezeka, wasicheke: magari yao mengi yana betri ndogo ya volti 12 ya kuyaamsha, na ikifa, betri kubwa iliyojaa haiwezi kulifanya gari liitike.

Testa ya volti inauzwa kwa bei ndogo kuliko betri ya bei nafuu kuliko zote. Msomaji ambaye usiku huu ameegesha gari lake uso ukitazama bondeni, si kwa kupenda bali kwa sababu lisipoegeshwa hivyo haliwaki, asingoje msimu wa mvua. Aende kwa fundi waya wiki hii, amweleze sauti na taa kabla boneti haijafunguliwa, na fundi akimwambia anunue kitu, amwombe kwanza amwoneshe alichopima.