Jeraha la Hisani

Je, ni haki kukijeruhi kiungo kizima ili kukiponya kiungo kigonjwa? Swali hili huonekana jepesi mpaka limkabili mtu ambaye saratani imekula ulimi wake na taya lake. Mpasuaji akiisha kuuondoa ugonjwa, hubaki pengo: chakula hakitulii kinywani, mate hutiririka, na maneno hupotea kabla ya kumfikia msikilizaji.

Mwaka 1979 Stephan Ariyan, mpasuaji wa Marekani, alieleza njia ya kuliziba pengo hilo kwa msuli mpana wa kifua. Msuli huinuliwa pamoja na kipande cha ngozi iliyo juu yake, hupitishwa chini ya ngozi ya shingo, kisha hushonwa kinywani. Lakini hautengwi na asili yake: mshipa wa damu unaoulisha huachwa umeshikamana na shina lake chini ya mtulinga. Mshipa huo ukibanwa au ukipotoka, msuli hufa, na jeraha moja huwa mawili.

Basi kifua hupata kovu, na bega hupungukiwa nguvu, kwa maradhi yasiyo yao. Huu si udhalimu? Nadhani sivyo, kwa masharti mawili. Kwanza, hasara ya kitoacho isizidi faida ya kipokeacho. Pili, mwenye mwili aridhie, baada ya kuelezwa yote bila kufichwa. Pasipo ridhaa, kisu cha tabibu hakitofautiani sana na kisu cha mnyang'anyi.

Hata hivyo, msuli wa kifua haujifunzi kuonja wala kutamka. Huziba pengo, lakini uso haurudi kama ulivyokuwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Harold Gillies alipokuwa akitengeneza nyuso za askari huko Sidcup, Uingereza, baadhi ya mabenchi ya njiani yalipakwa rangi ya buluu, ili wapitao waonywe kwamba sura ya aketiye hapo yaweza kuwashtua. Aliyepoteza uso wake kwa ajili ya nchi alinyimwa macho ya nchi.

Kifua hukatwa ili kinywa kiishi. Sisi hatuombwi nyama wala damu. Twaombwa kutazama bila kukwepa, na kuyasubiri maneno yatokayo polepole. Ikiwa msuli usio na akili humfaa jirani yake kiasi hicho, mwenye akili atatoa udhuru gani?