Ndizi Moja Dirishani

Ndugu yangu unayejiandaa kuwapeleka watoto Hifadhi ya Ziwa Manyara likizo hii, nina neno nawe kabla hujatia ndizi kwenye mfuko wa safari.

Ukiingia kwa lango la Mto wa Mbu, msitu hukupokea kabla hujaliona ziwa. Mikuyu minene, kijani mwaka mzima, kwa sababu mvua inayozama huko juu nyanda za Ngorongoro hupenya kwenye miamba na kububujika chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo ndipo nyani wanaposhinda, makundi kwa makundi, na hapo ndipo nilipokosea.

Mpwa wangu alikuwa na miaka saba. "Mjomba, ana njaa yule," akasema. Nikafungua dirisha la gari, nikampa ndizi aipitishe. Dume kubwa likaja, likaipokea kwa vidole kama vyetu, kucha nyeusi zimejaa udongo, likaimenya taratibu mbele yetu. Gari zima tukacheka. Aliyekuwa akituongoza hakucheka. "Mzee, leo umempa. Kesho atachukua mwenyewe."

Mchana, tulipokuwa tunakula, nikamwelewa. Nyani alirukia meza ya jirani zetu, akampokonya mtoto mkate, ukucha ukamchana kiganja. Sikuweza kumtazama mama wa yule mtoto. Nyani anayezoea hivyo hufukuzwa, na akizidi kuumiza watu huishia kupigwa risasi. Sisi tuliomzoesha tunakuwa tumeshafika nyumbani, tunaonyeshana picha. Ukiuliza moyo wako kwa kweli, ile ndizi hukumpa nyani. Umejipa wewe raha ya kutazamwa kuwa mwema.

Nawe unayelima huko juu, usidhani nasema na wageni peke yao. Ziwa Manyara mito inaingia, hakuna hata mmoja unaotoka. Maji huondoka kwa jua tu, yakiacha magadi, na yakiacha pia kila kilichobebwa na mafuriko. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi, mita chache. Tope la shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto linalijaza kama unavyojaza sahani. Ukame ukija, pale walipokuwa wakitembea heroe panabaki ardhi nyeupe iliyopasuka. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1960, lakini tope halisimami langoni kuonyesha tiketi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imetaka tuache mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua mita 60 ni magunia ya mahindi kwa mwenye shamba dogo, na silisemi hili kwa wepesi. Lakini ukiling'ang'ania lile eneo, mvua kubwa italichukua pamoja na mbegu zako, na ndugu zako wa Mto wa Mbu wenye majaruba ya mpunga watapokea mchanga badala ya maji. Panda miti pale ukingoni, chimba makinga maji shambani, mkubaliane na jirani muanze msimu mmoja.

Mpwa wangu sasa ni baba. Wanakwenda Manyara mwezi ujao, na nimemwomba ndizi nyekundu wazile palepale sokoni Mto wa Mbu, kabla ya lango, na maganda wamwachie muuzaji. Ana mbuzi.