Je, Yafaa Kulipiza Ushuru kwa Ushuru?

Mtu akipigwa na jirani yake akanyamaza, twamsifu kuwa ni mvumilivu. Lakini mtu aliyekabidhiwa watoto wa wenzake, akiwaona wanapigwa akanyamaza, hatumsifu hata kidogo, twamwita mwoga. Kitendo ni kimoja, wala hukumu si moja. Tofauti hiyo ndiyo iliyonijia moyoni niliposoma habari za Baraza la Wabunge la Kanada, na jinsi walivyoshauriana juu ya vitisho vya ushuru vilivyotoka kwa jirani yao Marekani.

Tarehe 25 Novemba 2024 Donald Trump, ambaye alikuwa amekwisha kuchaguliwa lakini bado hajaapishwa, alitangaza kwamba siku ya kwanza ya utawala wake atatoza ushuru wa 25 kwa mia juu ya vitu vyote vitokavyo Kanada na Meksiko, mpaka nchi hizo zizuie madawa ya kulevya na watu wavukao mpaka bila ruhusa. Kesho yake jioni Wabunge walikutana Ottawa katika mjadala wa dharura. Wakati ule karibu robo tatu ya bidhaa ambazo Kanada iliuza nje zilinunuliwa na Marekani. Kwa hiyo neno lile halikuwa mzaha. Watu wa chama cha Justin Trudeau, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, walisihi nchi iwe na sauti moja wala isishikwe na hofu. Chama cha Pierre Poilievre, kiongozi wa upinzani, kilisema serikali yenyewe ndiyo iliyoidhoofisha nchi. Jagmeet Singh na wenzake walitaka nchi ijiweke tayari kujibu kwa nguvu.

Kabla ya kuwahukumu, yatupasa kujua ushuru ni kitu gani. Watu wengi hudhani ya kuwa hulipwa na yule mgeni auzaye. Sivyo. Mwenye duka wa kwetu akiagiza baiskeli kutoka ng'ambo, ni yeye alipaye forodhani, kisha huongeza juu ya bei, na mwisho mzigo humwangukia yule anunuaye baiskeli. Muuzaji wa ng'ambo naye huumia, maana wanunuzi wake hupungua, au hulazimika kushusha bei; lakini fedha yenyewe hutolewa kwanza na watu wa nchi ile ile iliyoweka ushuru. Basi nchi ikilipiza ushuru kwa ushuru, hunyosha mkono kumpiga jirani, na mkono huo hupitia kwanza mfukoni mwa watu wake yenyewe. Hili si fumbo. Kila karani wa forodha alijua.

Sasa na tuje kwenye swali lenyewe. Mkristo ameambiwa na Bwana wake asilipe ovu kwa ovu, na habari ya shavu la pili twaijua sote. Wako wanaosema, Basi Kanada ingenyamaza tu. Lakini Martin Luther, katika kitabu alichoandika mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, alitenga mambo mawili. Kwa nafsi yake mwenyewe Mkristo huvumilia dhuluma. Kwa ajili ya jirani yake hutafuta haki na ulinzi. Mbunge aliyesimama Ottawa usiku ule hakuwa na shavu lake mwenyewe pale. Mshahara wake haukutoka katika kiwanda cha magari. Shavu lililokuwa mbele ya jirani lilikuwa la mfanyakazi wa Windsor, mji wa Ontario utazamanao na Detroit ng'ambo ya mto, ambako vyuma vya magari huvuka daraja kwenda na kurudi kabla gari moja halijakamilika. Kuligeuza shavu la mtu huyo, na kujisifu kwa uvumilivu, ni rahisi mno.

Hata hivyo wale wapendao kupiga wasifurahi upesi. Maana kama shavu si la Mbunge, na ngumi si yake pia. Neno hili sikuona likisemwa vya kutosha.

Tazama mambo ya Alberta. Jimbo hilo hutoa mafuta mengi ya petroli, na sehemu kubwa huenda Marekani kwa mabomba. Wako waliosema kwamba silaha iliyo kali kuliko zote ni kutoza ushuru juu ya mafuta hayo yatokapo, au hata kuyafunga. Tarehe 15 Januari 2025 wakuu wa majimbo walikutana na Waziri Mkuu ili watoe tamko la pamoja, na Danielle Smith, mkuu wa Alberta, akakataa kulitia sahihi, kwa sababu hakukubali silaha hiyo. Alilaumiwa sana, wengine walimwona kama mtu aliyeuvunja umoja wa nyumba wakati wa hatari. Mimi simhukumu hivyo. Ni vyepesi kwa ndugu watisa kukubaliana kwamba ng'ombe wa ndugu wa kumi achinjwe kwa heshima ya ukoo. Lakini na yeye wa kumi yampasa ajibu: kama kila mmoja ataficha kilicho chake, ni kitu gani kitakachomlinda yule wa Windsor? Umoja wa namna hiyo hauji kwa kulaumiana. Huja pale watu wanapoahidiana wazi kwamba atakayetoa ng'ombe wake atalipwa na wote, na ahadi hiyo yapaswa kuandikwa kabla ya kisu kunolewa.

Ontario ilijaribu silaha yake. Tarehe 10 Machi 2025 Doug Ford, mkuu wa jimbo, aliongeza malipo ya 25 kwa mia juu ya umeme uendao Minnesota, New York na Michigan, kwenye nyumba na kazi za biashara zipatazo 1,500,000. Kesho yake Trump akatisha kuuongeza ushuru wa chuma na alumini ya Kanada mara mbili, hata ufike 50 kwa mia. Na siku ile ile Ford akayasimamisha malipo yale. Mjane wa Michigan awashaye taa yake alikuwa na kosa gani katika ugomvi huo?

Wala mambo haya si mapya kwa Kanada. Mwaka 1930 Marekani ilipokuwa ikitunga ile sheria ya ushuru ya Smoot na Hawley, ambayo Rais Hoover aliitia sahihi mwezi wa Juni, serikali ya Mackenzie King haikungoja. Mwezi wa Mei ilikwisha pandisha ushuru wake juu ya baadhi ya bidhaa za Marekani. Chukua habari ya mayai. Marekani ilitoka senti 8 kwa dazeni ikafika 10. Kanada ilikuwa ikitoza senti 3, ikapanda nayo mpaka 10. Kwa hesabu ya kisasi wakawa sawasawa, na biashara ya mayai ikaanguka pande zote mbili. Mwezi wa Julai King alishindwa katika uchaguzi na R. B. Bennett, aliyeahidi ushuru mkali zaidi, naye akautoza. Ilipita miaka mitano, ya njaa na ya watu kukosa kazi, hata King aliporudi na kufanya mapatano na Rais Roosevelt mwezi wa Novemba 1935.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Baraza lilijadili wakati ushuru ulipokuwa tishio tu. Ulipofika kweli, tarehe 4 Machi 2025, milango ya Baraza ilikuwa imefungwa tangu Januari, na Wabunge hawakuketi tena mpaka mwisho wa Mei, baada ya uchaguzi. Jibu lilitolewa na mawaziri: 25 kwa mia juu ya bidhaa za dola za Kanada bilioni 30, nao walichagua maji ya machungwa, siagi ya karanga, mvinyo, nguo, na vitu vingine ambavyo mnunuzi aliweza kuvipata kwingine. Uchaguzi ule ulikuwa wa busara. Lakini watu waliotumwa kusema kwa ajili ya walipaji hawakuwako.

Tarehe 1 Septemba 2025 serikali ya Mark Carney iliondoa sehemu kubwa ya ushuru huo wa kulipiza, ikabakiza ule wa chuma, alumini na magari. Wengine walisema amesalimu amri. Wengine walisema amewatua mzigo watu wake mwenyewe. Mimi ni pamoja na hawa wa pili, ila ningependa kujua kama mfanyakazi wa Windsor aliulizwa.