Farasi na Mpandaji Wake

Wanafunzi wetu wa Gitega na Muyinga, walio wengi, hawajapata kumwona farasi kwa macho. Hata hivyo wamjua kwa vitabu na kwa methali isemayo kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Huicheka kwa ajili ya hilo neno la mwisho, nasi twawaacha wacheke. Walimu wenzetu huifundisha upesi upesi kama onyo kwa mwenye tamaa. Sisi twaona yagusa swali zito zaidi: aliye juu ana haki gani kwa aliye chini yake?

Wachongaji wa kale walilijibu kwa shaba. Sanamu ya Kaisari Marcus Aurelius, iliyotengenezwa Roma katika karne ya 2, yamwonyesha amenyosha mkono, hana silaha wala ngao, na farasi mkubwa amemtii. Mtazamaji aambiwa kwamba amwezaye mnyama huyu atawaweza na watu. Plato alikuwa ametangulia kutumia mfano wa namna hiyo, ila yeye aliuweka ndani ya mtu mmoja: akili ndiyo mwendeshaji wa gari, na farasi wawili, mtiifu na mkaidi, ni sehemu za nafsi ile ile. Hapo hatuna ugomvi naye, kwani mtu ajitiapo hatamu mwenyewe hamdhulumu jirani.

Ubaya huanza mfano utokapo nafsini ukaingia njiani. Katika Burundi yetu, ambako watu hawakuwa na desturi ya kupanda farasi, wakubwa walichukuliwa kwa machela mabegani mwa watu, na maofisa wa kikoloni nao wakachukuliwa vivyo hivyo. Binadamu akatiwa mahali pa mnyama.

Lakini machela hiyo, iitwayo ingobyi kwa Kirundi, humchukua pia mgonjwa. Katika milima isiyofikiwa na gari, majirani humpakia, wakapokezana mabega mpaka zahanati. Na ingobyi ni jina pia la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni! Hapa aliye juu ndiye mnyonge, wala hana hatamu mkononi. Mwanafunzi akituuliza kwa nini mchukuzi wa mgonjwa haoni aibu, twamjibu kwamba naye ana zamu yake ya kuchukuliwa. Mchukuzi wa ofisa hakuwa nayo.