MWALIMU NAYE NI MWANAFUNZI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Malindi, Lamu na pwani nzima: likitajwa jina la Laare katika baraza zetu, kitu cha kwanza kinachotujia akilini ni mirungi. Mji huo uko katika milima ya Nyambene, ukishapita Maua, katika nchi ya Meru, na kutoka huko huteremka mizigo ya majani yatafunwayo na vijana wetu vichochoroni tangu alasiri mpaka usiku wa manane. Juu ya mirungi yamekwisha kusemwa mengi, na leo sikukusudia kuyarejea. Nimekusudia kueleza habari ya daftari moja nililoliona huko.

Mimi ni mwalimu wa chuo kwa miaka ishirini na sita. Kijana mmoja niliyemsomesha tangu alifu mpaka akahitimu alikwenda Laare kuwasomesha watoto wa Waislamu wachache waliopo huko, na mara nyingi akiniomba nikamtazame. Nilipopata nafasi nilikwenda, na ukweli ni kuwa moyoni mwangu nilijiona nakwenda kumkagua. Nilikuta chumba kimoja cha mabati, ubao, watoto wasiozidi thelathini, na baridi ambayo sisi watu wa bahari hatukuizoea. Na juu ya meza yake palikuwa na daftari la shule, limeandikwa mambo matatu tu katika ukurasa wa mbele.

Nikamwuliza, "Mwanangu, haya ni nini?"

Akajibu, "Maalim, hilo ni deni langu la mwaka huu. Ndiyo niliyojiwekea kujifunza."

La kwanza lilikuwa herufi ya dhadi. Alitambua kuwa haitoi mahali pake panapostahili, na watoto wote wanamfuata katika kosa lake. Basi kila usiku wa kuamkia Ijumaa humpigia simu hafidhi mmoja aliyeko Lamu, akamsomea, naye akamsahihisha. Nilipoyasikia hayo nilinyamaza kimya, kwa sababu kosa lile alilipata kwangu, nami nililipata kwa aliyenisomesha, na hapana hata mmoja wetu aliyepata kuuliza.

La pili lilikuwa lugha. Watoto wale husema Kimeru nyumbani, na Kiswahili chao ni cha sokoni. Akajiwekea ahadi kwamba kabla ya mwaka kwisha ataweza kuwaeleza maana ya Fatiha kwa Kimeru, na pembeni akaandika namna atakavyojua kuwa amefika: mtoto amweleze yeye ile maana kwa maneno ya mtoto mwenyewe, si kwa kukariri ya mwalimu. Aliniambia kwa adabu, huku akitazama chini, "Maalim, wewe ulinihifadhisha juzuu ya Amma nikiwa na miaka tisa, Mungu akulipe. Lakini nilifika miaka ishirini sijui Al-Maun yasema nini."

Sikuwa na jawabu.

La tatu ndilo lililonikaa zaidi moyoni. Walikuwako wavulana kumi na mmoja waliokuwa wakikosa darasa la asubuhi za Jumamosi, naye akiwapiga bakora kama tulivyopigwa sisi. Siku moja aliamka alfajiri akawafuata. Akawakuta juu ya miti ya miraa, wakichuma. Kazi ile huanza mapema kwa sababu jani likikauka huharibika, na magari hayamngoji mtu, na kwa wengi katika wavulana wale ujira huo ndio uliokuwa unga wa nyumbani. Aliporudi aliandika: bakora iwekwe, darasa lihamishwe baada ya sala ya alasiri, na mwisho wa mwaka wahesabiwe wangapi katika wale kumi na mmoja wangali wakisoma. Serikali ya Kenya iliondosha fimbo mashuleni tangu mwaka 2001. Sisi wa vyuoni bado twaishika kana kwamba ni nguzo ya dini.

Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kuandika namna hii. Akasema ni jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi, naye ni Mkristo. Walimu wa serikali, tangu mwaka 2016, hutakiwa na Tume ya Huduma za Walimu kuandika malengo yao na kupimwa kwayo, na mwaka 2021 Tume hiyo ikazindua masomo ya kuwaendeleza walimu walio kazini, ingawa vyama vya walimu vilinung'unika sana juu ya gharama kutoka mifukoni mwao. Jirani yule hakumficha kuwa wako wajazao karatasi zile ili zijae tu. Jambo hilo si geni kwetu, maana amali hufuata nia yake, na karatasi haina nia. Lakini alimfundisha jambo moja la maana: usiandike "nitaongeza juhudi", kwani hapana awezaye kuipima juhudi, andika kitu ambacho mwisho wa mwaka mtu mwingine aweza kukitazama akasema kipo au hakipo.

Najua watakuwako watakaosema kuwa hizo ni desturi za skuli, na chuo kina njia yake. Hao nawakumbusha mateka wa Badri, katika mwaka wa pili wa Hijra. Imepokewa kuwa wale wasiokuwa na mali ya kujikomboa, lakini wakijua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Ansari. Washirikina waliotoka vitani! Basi Mtume (S.A.W.) hakuona aibu kuchukua kheri hiyo kutoka kwao, na sisi twaona aibu kuichukua kwa jirani mwema?

Na katika Sura ya Al-Kahf tunayoisoma kila Ijumaa mna kisa cha Nabii Musa (A.S.). Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa alisimama akawahutubia Bani Israili, akaulizwa ni nani ajuaye zaidi katika watu, akasema ni yeye. Akaambiwa kuwa yuko mja ajuaye asiyoyajua yeye. Hakukasirika. Alifunga safari, akachukua samaki wa njiani, akaenda akaomba afundishwe, naye ni Mtume aliyesemezwa na Mola wake. Imamu wetu Shafii naye alikuwa amekwisha kuwa mashuhuri Baghdadi alipohamia Misri mwaka 199 wa Hijra. Huko aliyapitia upya aliyokuwa akiyafundisha, akayageuza mengi, hata wanavyuoni wetu wakawa na kauli yake ya kale na kauli yake mpya. Madhehebu tuyafuatayo pwani hii yamesimama zaidi juu ya ile mpya. Alifariki mwaka 204; yaani marekebisho hayo aliyafanya katika miaka mitano ya mwisho wa umri wake.

Nasi hapa kwetu? Kamati zetu zamwuliza mwalimu swali moja tu, wangapi wamehitimu, kisha zampa posho isiyotosha nauli. Hapana amwulizaye mwaka huu amejifunza nini, wala amtafutiaye wa kumsomea. Walimu wenyewe (nami ni wa kwanza wao) tukiambiwa tumekosea, twaona tumevunjiwa heshima.

Siku ya kuondoka nilimwuliza kijana anataka nimpelekee nini kutoka Mombasa. Nilidhani atataka misahafu au mikeka. Akasema, "Nataka mwalimu mmoja akae nyuma ya darasa langu kwa juma zima, kisha aniambie makosa yangu."

Nimekwisha kuwauliza walimu saba. Kila mmoja ana udhuru wake. Basi nitakwenda mwenyewe baada ya Idi, inshallah, nami nimenunua daftari. Jambo la kwanza nililoliandika ndani yake ni herufi ya dhadi.